Ubao wa Duka la Ngamiani

Nauza dawa za mbwa
na za paka wa Mabawa,
na ng'ombe wa kukamuwa,
Tanga, hapa Ngamiani.

Duka lina rafu mbili,
feni isiyo na hali,
madeni rafu ya pili,
dawa ziko ya mwanzoni.

Kaja mlinzi Singano,
amefumbata mkono:
kupe watatu wanono
akawamwaga mezani.

Mmoja kama kunazi,
kavimba, hata hawezi
kukimbia kama mwizi,
damu si yake tumboni.

"Wa Tozo hawa," kanena,
"masikioni wabana;
nang'oa, kesho waona
wengine wamo shingoni."

Tozo ni mbwa wa ghala
la katani, asolala;
jina, utani wa hela:
hukusanya mlangoni.

Nikamwambia, "Sikia,
mafuta ya taa, pia
kiberiti kumwashia,
hayo acha, ya zamani.

"Shika kibano, mvute,
ngozini hasa mpate,
taratibu, usikate
kichwa kikabaki ndani.

"Kisha dawa ya kuosha,
kofia moja yatosha;
na banda nalo safisha,
kwani huzaa nyufani."

Akalipa nusu bei,
nyingine, kasema, Mei;
kama kawa, sikatai,
nikaandika rafuni.

Jirani, Bi Mwanakheri,
ana paka wa hariri,
humwita jina Johari,
hushinda naye jikoni.

Viroboto kama moto,
warukia hata mto,
wamuuma na mtoto
vifundoni, kiunoni.

Kaona dawa ya mbwa
ukutani imewekwa;
kaomba, akagawiwa
kikombe tele, pomoni.

"Mdudu ni mdudu tu,
ngozi ni ile, si kitu,
paka na mbwa ni watu
wa nyumba moja, jamani!"

Alasiri ikapita,
Johari akajikuta
povu jeupe latota
kidevuni hadi chini.

Miguu yatetemeka,
masikio yakiruka;
Bi Kheri mbio na paka
kwenye khanga, kifuani.

Sikuuliza maswali,
harufu tosha dalili;
nikamwosha mara mbili
kwa sabuni ya sahani.

Bodaboda ikawika,
hadi Chuda tukafika;
daktari akashika
sindano; sisi pembeni.

Magharibi hadi Isha,
Singano, kazi kukesha,
leo haya yamchosha,
macho hayatoki chini.

Asubuhi, nyau moja,
hafifu, yenye kungoja;
Bi Kheri hana la hoja
ila chozi la shavuni.

Nimeandika ubao
kwa chaki, waupitao
wausome, wende nao
maneno haya kichwani:

Dawa ya mbwa, ya mbwa;
ya paka, paka hupewa;
kwa uzito hupimiwa,
si kwa jicho la jirani.

Minyoo usidharau,
tembe usije sahau,
robo mwaka, angalau;
watoto wacheza chini.

Choo cha mbwa fukia,
nawa mikono sawia;
mkeka wa kulalia
upigwe jua, uani.

Jana nimemwona Tozo,
hana kupe, ana wazo;
Johari yupo, kwa bezo
kamlalia mgongoni.

Mei ilikwishapita,
nusu yangu sijapata;
Singano akinikuta
husalimu kwa makini.